Kozi ya Mwanafunzi Mmoja

Kwa miaka sita nilikuwa mratibu wa masomo ya uzamili katika kitivo cha fasihi, historia na falsafa, kwenye tawi la chuo kikuu lililoko katikati ya mji wa Nakuru, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi hiyo haigombaniwi. Hupewa yule aliyekosa mkutano wa kugawana majukumu, na siku hiyo mimi nilikuwa nimepeleka gari kwa fundi. Niliporudi nikaambiwa nimechaguliwa kwa kauli moja.

Walidhani wamenikomoa. Kumbe mimi napenda fomu. Napenda fomu iliyojazwa kwa mkono mzuri, kila neno ndani ya kisanduku chake, sahihi juu ya mstari na tarehe pembeni. Mwanafunzi akiandika mpaka maneno yakavuka kisanduku, nilikuwa namrudishia, nampa fomu mpya, namwonyesha benchi la kukalia aanze tena. Najua walivyoniita kule kwenye korido, na sitaliandika jina hilo hapa.

Katika fomu zote, niliyoipenda zaidi ni ya kozi ya kujisomea. Hii hutumika pale kozi ya kawaida inapokosa kufundishwa, labda mwalimu wake amehama, labda waliojiandikisha ni mmoja au wawili tu. Basi mwanafunzi anaruhusiwa kubuni kozi yake mwenyewe. Anatafuta mhadhiri mmoja akubali kumsimamia, wanaelewana watasoma nini na watakutana mara ngapi, na mwishoni anaandika tasnifu fupi inayosomwa na msimamizi na msomaji wa pili. Fomu nyingine zote humuuliza mwanafunzi yeye ni nani. Hii ilimuuliza anataka kujua nini, na majibu niliyopata humo yaliniweka hai ofisini. Kuna padri aliyetaka kujua kwa nini watu hulia kwenye nyimbo fulani na si nyingine. Kuna kijana wa falsafa aliyetaka kusoma juu ya kimya. Nikamuuliza mtihani wake utakuwaje, akaniangalia tu, nami nikaona kozi imeshaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta wasimamizi. Kozi ya mwanafunzi mmoja haihesabiwi kwenye ratiba ya mhadhiri, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sababu. Nilijifunza kuwavizia. Yule wa historia nilimpata kwenye foleni ya chai, ambako hawezi kukimbia na kikombe. Yule wa dini nilimngoja kwenye ngazi.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Kaptembwo. Alikuwa mama wa makamo, koti la sweta, mkoba begani na vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia. Alikuwa amemaliza kozi zote za uzamili wa Kiswahili isipokuwa moja. Hiyo moja ilifutwa kwa sababu mwalimu wake alipata kazi nje ya nchi, na yeye alikuwa amebaki peke yake darasani. Muda wake wa usajili ulikuwa unaisha mwisho wa muhula ule. Alikuwa ameshaongezewa mara mbili, na kanuni haikuruhusu mara ya tatu. Asipopata kozi ile moja, zote alizofaulu zingefutika na angeanza upya, naye alikuwa amezisoma kidogo kidogo, jioni na likizo, kwa miaka minane.

"Dakta, niko na hii wiki tu," aliniambia. "Ijumaa saa kumi wanafunga kuandikisha kozi."

Nilimpa fomu. Aliketi kwenye benchi, akajaza bila kuvuka kisanduku hata kimoja, akanirudishia. Kwenye kichwa cha kozi aliandika: Wasifu wa marehemu katika programu za mazishi, Nakuru. Kwenye orodha ya usomaji aliandika: Sanduku langu.

"Sanduku gani?"

"La bati. Lile nilienda nalo bodingi."

Ikabidi anieleze. Kila mahali kwetu, mtu akifa, huchapishwa kijitabu chenye picha, ratiba ya ibada, nyimbo, na ule wasifu wake ambao mtaani tunauita tu yuloji: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alimuoa nani, ameacha watoto wangapi. Kwa kuwa yeye ni mwalimu na hati yake inasomeka, familia za Kaptembwo zilikuwa zikimwita awaandikie. Amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku ya pili ya matanga anapewa kiti sebuleni, kikombe cha chai na daftari, na wenyewe wanaanza kubishana. Alikuwa ameweka programu zote na madaftari yote ya rasimu kwenye sanduku lile. Swali lake lilikuwa moja: kati ya kile kinachosemwa sebuleni na kile kinachochapishwa, nini huachwa, na huachwa vipi?

Nilisahau chai yangu. Nimesoma wasifu wa namna hiyo maisha yangu yote, nimesimama juani nikiusikiliza, na sikuwahi kujiuliza nani aliuandika.

Lakini wasimamizi walikuwa habari nyingine. Wa fasihi alisema hiyo ni historia. Wa historia alisema hiyo ni fasihi. Wa isimu alisema ana malaria, na nilimwona jioni hiyohiyo akinunua nyanya akiwa mzima kabisa. Ijumaa saa tisa na nusu mwalimu alikuwa bado kwenye benchi, fomu mapajani, na mahali pa msimamizi pakiwa wazi. Nikafanya kosa ambalo kila mratibu hufanya mara moja. Niliandika jina langu. "Ni la kushikilia tu," nikamwambia. "Wiki ijayo tutabadilisha." Fomu iliingia saa kumi kasoro dakika tano, na jina langu halikutoka tena.

Tukawa tunakutana kila Alhamisi alasiri, akitoka shule. Alikuja na madaftari machache kwa wakati mmoja, yamefungwa kwa kitambaa. Kabla ya kuyafungua aliniwekea sharti. Kila alipomaliza kuandika kwenye nyumba yenye matanga, alikuwa akilifunga daftari mbele ya familia na kuwaambia, "Yaliyobaki ni yenu." Kwa hiyo angenionyesha programu zilizochapishwa, na angenieleza mambo kwa ujumla, lakini rasimu za watu nisizione. Madaftari alikuja nayo ili akumbuke mwenyewe tu. Aliyasoma akiwa ameyainua kama mtu anayeficha karata.

Mimi nikawa mwanafunzi. Aliniuliza kama nimewahi kuona programu inayosema marehemu aliugua muda mrefu. Sijawahi. Wote waliugua kwa muda mfupi, hata aliyelala kitandani miaka mitatu. Aliniuliza marehemu mlevi huandikwaje. Nikakisia. Akacheka.

"Tunaandika alipenda watu."

"Na akiwa mkali?"

"Alipenda ukweli. Na kama alikuwa mkali sana, tunaongeza hakuogopa mtu."

Aliniambia familia za reli, zile zilizotoka magharibi na kuzaliana kwenye landi, nyumba za safu za wafanyakazi, hazikosi kutaja namba ya nyumba waliyopewa na kampuni, hata kama walihama zamani. Familia za wakulima na wafugaji wa kule juu hutaja ukoo kwanza, kisha shamba, na shule huja baadaye kama ilikuwepo. Mwanamke aliyeishi mjini maisha yake yote bila hata mche wa sukuma huandikwa mkulima. Kwa nini? Kwa sababu mtu akiuliza mama alikuwa anafanya nini, wanaume wote sebuleni hunyamaza, halafu mmoja anasema hilo.

Siku nyingine nilimkatiza kwa maswali mpaka akaniambia, "Dakta, hii kozi ni yangu ama ni yako?" Nilikuwa na hamu kama ya mtoto aliyeona saa imefunguliwa nyuma. Nilienda nyumbani Lanet, nikatoa programu zote tulizokuwa nazo kwenye kabati, nikazisoma mezani huku mke wangu akiniuliza kama kuna aliyekufa.

Alhamisi moja akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuandika. Nilisema ndiyo, wa baba yangu. Akasema nilete. Nikaleta programu tu. Baba alikuwa fundi wa reli, na namba ya nyumba ya landi ilikuwemo kweli, mstari wa tatu. Mwalimu alisoma polepole, akafika kwenye watoto.

"Watoto wanne," alisema.

"Wanne," nikajibu.

Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema "Sawa," akanirudishia.

Tulikuwa watano. Baba alikuwa na binti kabla ya kumuoa mama, aliyemzaa na mwanamke wa Elburgon wakati akifanya kazi stesheni ya huko. Likizo za shule alikuja kwetu. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na ndiye aliyempiga kijana wa jirani aliyenichukulia kofia. Baba alipofariki, wajomba na baba wadogo walikaa sebuleni wakasema waandikwe watoto wa nyumba. Kalamu ilikuwa kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimeshaandika watano. Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya jina la kwanza, nikabadilisha namba. Siku ya mazishi alisimama karibu na hema, programu mkononi, akaimba nyimbo zote mpaka ya mwisho. Hakuniuliza kitu. Tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa simu, Krismasi na mtu akiugua. Niliona aibu ofisini siku ile, na nikamalizia kipindi mapema nikisingizia mkutano.

Mwalimu aliandika tasnifu yake. Ilikuwa nzuri, na nasema hivyo nikiwa mtu mgumu wa kusifu. Alionyesha jinsi kila neno la heshima lilivyo na kitu kilichokaa nyuma yake, jinsi namba ya watoto inavyojadiliwa kuliko tarehe ya kuzaliwa, na kwamba anayeandika hana amri, ana kalamu tu. Niliipitisha. Ikaenda kwa msomaji wa pili, profesa mmoja wa dini, mama mnyoofu anayeishi Milimani na ambaye hajawahi kuchelewa kwenye jambo lolote. Alinirudishia baada ya siku nne, na juu ameandika kwa wino mwekundu: Hoja imeshiba. Ushahidi uko wapi? Sikuona hata rasimu moja.

Nilimpigia simu. Alisema hana ugomvi na mwanafunzi, lakini hawezi kupitisha kazi juu ya yaliyofutwa bila kuona hata jambo moja likifutwa. Mfano mmoja tu, rasimu na programu yake, na ruhusa ya wenyewe. Kumbe alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Muhula ulikuwa umebaki wiki mbili.

Nilimwambia mwalimu atafute familia moja, aombe ruhusa. Alitikisa kichwa.

"Nikienda kuuliza, nitakuwa nimeshawaambia hiyo kitu ninaikumbuka. Na mtaa yote itajua mimi naweza kuja kuuliza. Hakuna mtu ataniita tena."

"Mwalimu, ni miaka minane!"

"Najua ni ngapi. Ni mimi nimezisoma." Alifunga kitambaa chake. "Afadhali nianze tena, Dakta. Niliwaambia yaliyobaki ni yao."

Nilimkasirikia. Nilipiga meza, nikamwambia mambo ya kanuni ambayo aliyajua kuliko mimi. Aliniaga kwa adabu, akashuka ngazi, nami nikamwona kutoka dirishani akivuka barabara kuelekea upande wa Kaptembwo kwa miguu, siri zote za sanduku lile zikiwa salama akilini mwake. Hasira ikaisha. Nikabaki na kile nilichokuwa nakijua tangu Alhamisi ile ya "Sawa".

Mimi huwa situpi karatasi. Daftari la rasimu ya baba lilikuwa kwenye kabati lilelile, chini ya programu. Mstari wa rula ulikuwa umenyooka vizuri. Moja ilikuwa imefutwa pamoja na jina, mbili imegeuzwa kuwa moja, tatu kuwa mbili, mpaka mwisho. Huo ulikuwa ushahidi ambao profesa angetaka, na mwandishi wake alikuwa hai na yuko tayari kusema. Nilimuuliza profesa kama ingefaa kwa kuwa mimi ndiye msimamizi. Alisema kanuni haisemi kitu, basi sehemu hiyo ataisahihisha yeye peke yake, na mimi nisiiguse. Lakini ruhusa, alisema, itoke kwa aliyefutwa. Aliyefuta hana haki ya kuitoa.

Jumamosi asubuhi niliendesha kupitia Njoro. Elburgon kulikuwa na baridi na matope ya mvua ya usiku. Dada yangu alikuwa nyuma ya nyumba, gamubuti miguuni, anachagua viazi vya mbegu na kuvipanga kwenye masanduku ya mbao. Nywele zilikuwa nyeupe kuliko nilivyotegemea. Alisimama akaniangalia, halafu akaangalia barabarani kama anatafuta ni nani mwingine amekuja.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Nimekuja tu."

"Wewe hukujangi tu."

Tulikaa jikoni. Nilimweleza habari ya mwalimu, sanduku, miaka minane, na wiki iliyobaki. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza kwenye bodi ya kitivo. Kisha nikaweka mezani daftari, lile la rula, na pembeni nikaweka fomu ya ridhaa ya chuo, kurasa mbili, na kalamu juu yake. Hakugusa fomu. Alivuta daftari, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari.

"Kwa hivyo ulikuwa umeniandika," alisema.

"Nilikuwa nimekuandika."

"Namba moja."

"Namba moja, dada."

Alikaa na kidole palepale. "Mimi nilikuwa nafikiria hukunikumbuka. Miaka hii yote. Nilikuwa najiambia, ni kijana, baba amekufa, amechanganyikiwa, amenisahau." Alivua miwani. "Kumbe ulinikumbuka."

Niliomba msamaha, kwa sauti ambayo sikuizoea, na hakusema yamekwisha wala hayajaisha. Aliinuka akatia maji kwenye sufuria, akarudi, akavuta ile fomu.

"Na hii ni ya nini?"

"Ni ya kukubali. Kwamba mwalimu anaweza kutumia daftari. Majina hayatatajwa. Ukikataa, nitarudi nayo, hakuna neno."

"Ile siku haukuleta fomu."

"Sikuleta."

Aliisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka maji yakachemka na kumwagikia jiko, na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nimeshajaza sehemu zangu nyumbani: jina la kozi, jina la mwanafunzi, jina langu. Niliacha sehemu zake. Alifika ukurasa wa pili akasimama.

"Hapa wanauliza uhusiano na msimamizi wa kozi. Umeacha hakuna kitu."

"Hapo ni pako kujaza."

"Hapana," akasema, akanisukumia kalamu. "Hapo jaza wewe."

Nilichukua kalamu. Nikaandika: Dada.

Aliangalia. "Endelea."

Nikaongeza: yangu mkubwa.

"Endelea. Hiyo ingine ulikuwa na rula, leo hauna."

Kisanduku kilikuwa kidogo, cha neno moja au mawili, na maneno yalianza kuvuka mstari, yakapanda ukingoni mwa karatasi. Niliandika: mzaliwa wa kwanza wa baba yetu, mtoto wa kwanza kati ya watano. Mkono wangu haukuwa mzuri. Alichukua fomu, akaisogeza dirishani penye mwanga, akasoma mara mbili, midomo ikitembea. Halafu akaweka sahihi, akatengeneza chai.

Mwalimu alipata mfano wake, na akauandika kwa kurasa sita ambazo mimi sikuruhusiwa kuzigusa wala sikuthubutu. Alhamisi ya mwisho wa muhula profesa alimpitisha, kozi ikaingia kwenye matokeo yake, na muda wa usajili ukaisha akiwa amemaliza. Nilimtania kwamba sasa hana sababu ya kuja Alhamisi. Alisema sanduku halijaisha, ila zamu yangu ya kufundishwa ndiyo imeisha.

Kitu kimoja tu kilirudi. Karani wa idara ya masomo ya uzamili, niliyemfundisha kazi mwenyewe, alinirudishia ile fomu ya ridhaa ikiwa na karatasi ndogo imebanwa juu: Maandishi yamevuka kisanduku, tafadhali ijazwe upya. Nilibandua karatasi yake, nikashuka na fomu ghorofa ya pili, nikamwambia hiyo haijazwi upya, iwekwe kwenye faili kama ilivyo.